Yule Dalali Hajawahi Kukiona Kiwanja Chetu

Baba Judica,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Ng'ombe nimemkamua ila hajanywa maji. Simu yako ninayo mimi, usihangaike kuitafuta.

Najua uliondoka na hasira kwa sababu nilikunyang'anya mbele ya mtoto, ukiwa tayari kumtumia yule dalali hela. Ulipokuwa shambani alipiga tena, nikapokea mimi. Akasema mnunuzi wa kiwanja chetu cha Katesh yupo tayari, kinachokwama ni ile ada ya uthamini tu.

Nikamwuliza, "Kiwanja chenyewe umekiona?"

"Nimekiona, mama. Kizuri sana, kinatazama ziwa."

Kiwanja chetu kinatazama choo cha soko, Baba Judica!

Nikamwambia, "Basi mnunuzi akishalipa, ukate ada yako humo humo." Akaniita mbishi, akakata simu. Nikampigia, hapatikani.

~~Ungenisikiliza tangu juzi~~ Sikulaumu. Hata mimi nataka nyumba iezekwe kabla ya mvua, na yule mtu anajua kuongea.

Sasa napanda bodaboda kwenda Katesh. Hadiya, yule muuza vitenge, bado anakitaka kiwanja. Hajataja ada yoyote, anachotaka ni kuonyeshwa mipaka mbele ya mwenyekiti na majirani. Tunakutana hapo hapo kiwanjani saa nane.

Njoo na hati. Vaa shati la kanisani.

Mipaka unaijua wewe, na siuzi bila wewe.

Mama Judica