Aliyeingia kwa Mlango wa Nyuma

Matema,
Jumatano asubuhi.

Mama mpendwa,

Ugonile, Mama. Natumaini goti limepoa na kakao imekauka kabla ya mvua. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu jana nimepigwa na bumbuwazi.

Unajua mwenye loji alinipa kazi ya kutafuta mpishi. Walikuja wawili. Asifiwe alipita getini akitabasamu, akanipa mkono, akanitazama usoni. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni Mbeya, kwamba mtu huajiriwa dakika ya kwanza. Wa pili, Kisa, mjane mwenye watoto wawili, alilikaribia geti, akageuka ghafla na kutumbukia migombani. Akaibukia mlango wa jikoni, miguu tope tupu. Tukiwa tunazungumza, mlinzi wetu Mzee Zebedayo akapita dirishani. Kisa akajifunika kanga kichwa kizima, akageukia ukuta. Nilimuuliza anamkimbia nani, akasema hawezi kumtaja. Mama, nilijiona mjanja! Nikaandika kwamba huyu ana kesi mahali, nikampa kazi Asifiwe, akasaini siku hiyohiyo.

Jana Mzee Zebedayo akaja ofisini, kofia mkononi. Akasema anaacha kazi. Amesikia kwamba Kisa, mke wa marehemu mwanawe, ameomba kazi ya jikoni, na kwa mila yetu mkwe hawezi kupita kila siku mbele ya baba mkwe. Wajukuu wanamtegemea mama yao, alisema. Yeye mzee atarudi kwenye mpunga wake, mkwe apate njia.

Nilishtuka hadi nikakosa pa kushika! Mimi niliyekuona wewe ukiacha njia kila babu, baba mkwe wako, alipotokea! Mimi niliyekusikia ukizungusha maneno kumi usitamke jina lake! Kisa alikuwa akionyesha adabu mbele yangu, nami nikaona mhalifu.

Sasa nikuungamie, Mama. Sikumwambia kwamba nafasi imekwisha. Nilipokea funguo za geti, mzee akanishukuru, ndaga, mwanangu, akaondoka akiamini amemfungulia mkwewe mlango.

Msalimie mdogo wangu Jubilate na majirani wote hapo Ngana. Nawe njoo Jumamosi, nakusihi, unisindikize kwa Kisa nikaseme ukweli. Unielekeze nisimame wapi na nianze na neno gani. Wale watoto wawili wataniona kwa mara ya kwanza, na sijui wataona mgeni au mhalifu.

Ni mimi mwanao, uliyemlea vizuri kuliko nilivyotenda,
Naomi