Sweta la Kijani Kwenye Mfuko wa Unga

Kanana dada yangu,

Jana asubuhi inspekta aliye na faili yako alinipigia simu kutoka Embu. Alisema damu ya mwanamume iliyopatikana kwenye sweta lako, na ile iliyokuwa kwenye leso ya mwalimu aliyeuawa Kiambere baada yako, ni ya mtu mmoja. Kisha akasema jambo ambalo nilimwomba arudie ili niliandike vizuri: "Si wewe. Lakini DNA inaonyesha ni mtu wa ukoo wa baba yako."

Ungenicheka kwa kumwambia arudie. "Mwandishi," ulizoea kuniita, "wewe hata ukisalimiwa unatoa kalamu."

Mate yangu walikuwa wameyachukua kwa sababu ni mimi niliyekubeba. Unakumbuka chumba chako, nyuma ya nyumba ya mama hapa Nchiru, kile ulichokataa kipangishwe kwa wanafunzi? Nilikukuta mlangoni ukiwa bado unapumua. Tulikukimbiza hospitalini. Habari ya kifo chako ilitangulia kufika nyumbani kabla yangu, na niliporudi akina mama wa kanisa walikuwa wamepiga magoti wakisugua sakafu yako kwa sabuni. Waombolezaji walikuwa njiani, na nyumba ya msiba haiachwi chafu. Wamefanya hivyo katika kila msiba ninaoukumbuka. Polisi walipofika, sakafu ilikuwa imekauka.

Shuka zilifuliwa, hata pazia. Sweta halikufuliwa. Mama alikuwa amelifuma mwenyewe, la kijani, na ulimtania kwamba mkono mmoja ni wa twiga. Alilinyakua kwenye beseni kabla halijalowa, akalitia kwenye mfuko wa karatasi wa unga wa mahindi, akalificha juu ya kabati. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu. Mwaka huu, inspekta mpya alipokuja kuuliza maswali ya zamani, mama aliuweka mfuko mezani na kusema, "Hili ni lake." Inspekta anasema karatasi ndiyo iliyoiokoa damu ile. Ndani ya plastiki ingeoza.

Baba alikufa kabla yako. Ukiniondoa mimi, wanaume wa ukoo wake ni wanne. Wote wamewahi kwenda Kiambere kununua ndengu. Wote walibeba jeneza lako.

Nimeandika kuhusu mauaji ya watu wengine kwa muda mrefu, na najua ushahidi ni nini. Sauti niliyoisikia siku ile si ushahidi. Baba mdogo alikuwa amesimama uani, ameshika ndoo ya maji, akiwahimiza akina mama: "Osheni haraka, na hizo nguo pia. Watu wako njiani." Mtu yeyote angesema hivyo. Nimemuuliza mama kama anakumbuka. Akaendelea kumenya viazi, kisha akasema, "Kwa nini unadhani nililificha?"

Barua hii haitachapishwa kabla ya majibu kutoka. Pumzika, Kanana. Mkono wa twiga utafika mahakamani kabla yetu sote.

Wanne hao watatoa mate Jumatatu, saa tatu asubuhi, katika ofisi ya chifu. Baba mdogo amenipigia akicheka: "Nipitie na gari, kijana wangu. Kwani nitaogopa kijiti cha pamba?"

Nimemwambia nitakuwa kwake saa mbili na nusu.

Kaka yako