Injini ya Tatu ya Alizé

Jumapili, 8 Juni

Misa ya pili. Msomaji akasoma nia za misa kama kawaida, akafika kwetu: kwa ajili ya Luc, msafiri, arudi salama. Mama akafumba macho. Mjomba Ferdinand, ambaye amesafiri toka Butembo kwa jambo hili hili, akakohoa.

Baada ya chakula akasema wazi. Luc, mdogo wangu, mtoto wa Mama, aliingia barabara ya Rutshuru na minibasi yake mwezi wa Januari, mwezi wa vita, ule mwezi ambao kila mtu hapa Goma ana wake wa kuulizia. Hakuna simu. Gari halikuonekana. Ukoo umechoka kungoja, anasema. Jumapili ijayo jina lisomwe pamoja na wafu, kisha tufunge turubai mbele ya nyumba, watu waje kilioni.

Mama hakubishana. Alisema tu kwamba Rosine ndiye huandikisha nia parokiani, basi Rosine ataona la kuandikisha. Mimi! Na Mama ataishije akisikia jina lile kati ya marehemu?

Nikakimbilia kwa Papa Bagalwa. Ukumbi wake wa video hapa mtaani Mapendo ni mbao na mabati tu, lakini Jumapili mchana hujaa. Yeye huzima karibu sauti yote ya Kifaransa, anashika maikrofoni, anatutafsiria mwenyewe. Leo tena sezoni ya tatu ya Alizé, ile filamu ya meli ya angani. Na mabishano tena, yale yale! Niyibizi, motari wa kubeba abiria kwa pikipiki, rafiki wa Luc, anashikilia kwamba meli ya sezoni hii, yenye injini tatu, haiwezi kuwa Alizé. Alizé ina injini mbili na tumbo la mviringo kama bidoni.

"Beba batu batatu nyuma ya moto yangu, utaona gurudumu ya mbele inainuka," alisema. "Injini ya tatu itaikalia wapi? Itaanguka na mukia."

Luc angemjibu hivi: ni Alizé ile ile, katika wakati mwingine. Katika wakati wa kwanza rubani alibaki ndani ya wingu ili wenzake wapite. Katika wa pili alitoka, wakafika nyumbani wote, meli ikatengenezwa, ikaongezewa injini. Ushahidi ni mkwaruzo karibu na mlango.

Luc hayupo, basi nikasema mimi. Nikasahau kidogo kwamba nilikuwa na huzuni. Wakati wa kutoka ikarudi yote.

Jumatatu, 9 Juni

Niyibizi amepita saluni nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Ameniletea flashi. Binamu yake ameipata sezoni ya tatu nzima, kwa Kifaransa chenyewe. Anasema tumalize mabishano, niangalie mimi kwanza kwa sababu nimesoma kuliko wao. Nimeitia ndani ya sakoshi yangu ya mkononi. Naogopa nini? Ni filamu tu.

Jumatano, 11 Juni

Umeme ulikuwepo mchana. Nimeangalia.

Hakuna wakati wa pili. Haupo kabisa, wala hautajwi!

Meli yenye injini tatu si Alizé. Ina jina lake ubavuni, kwa herufi ndogo ambazo kwenye shuka ambalo Bagalwa huonyeshea filamu ni doa tu. Ni meli iliyotumwa kumtafuta rubani. Inazunguka wingu, inaita, inazunguka tena. Kisha nahodha wao anasema hatukupata kitu, turudi. Ndiyo hayo tu, na wanarudi.

Mahali pale pale Bagalwa hutuambia kwamba huku, katika wakati mwingine, rubani amefika kwao na mama yake anampakulia sombe. Ukumbi hupiga makofi. Luc alikuwa anasimama kabisa, anapiga makofi huku amemgeukia Niyibizi.

Nimezima. Nimelia kwa hasira, kisha kwa Luc. Nilikuwa sijamlilia bado. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba anayemlilia mtu wa njiani anamfungia njia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemkuta Bagalwa anafagia ukumbi. Nikamwambia yote. Hakukataa. Alikaa kwenye benchi, ufagio katikati ya magoti.

"Mbele ya kuja huku nilikuwa na ukumbi kule Lac Vert," alisema. "Batu ya mahema, benye balikimbia vita, njo balikuwa banakuja. Kila mutu alikuwa na mutu wake mwenye alipotea. Sasa mimi niseme namna gani? Niseme meli imetafuta, imekosa, imerudia? Mama moja alishaanza kusimama, anashika mudomo. Nikamurudisha rubani. Mudomo yangu njo ilisema, mimi sikupanga."

Kesho yake wakarudi kuuliza rubani anaendeleaje. Ikabidi aendelee kutunga: wakati wa pili, matengenezo, injini. Mabishano yetu yote, mashabiki wote, tunabishania huruma ya mzee mmoja.

Nilikuwa nimekuja kumgombeza. Akaniuliza, "Na Luc? Habari iko?" Nikasema hapana. Akasogea, nikakaa.

Ijumaa, 13 Juni

Kwenye grupu la WhatsApp la mashabiki wote wananingoja. Niyibizi anauliza kila saa: ni Alizé ao si Alizé? Haki ni yake, maskini. Nimeandika kwamba flashi haifunguki.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi Mama amevaa kitenge cha kwendea kanisani, akasema atanisindikiza parokiani. Hajawahi. Njiani nilikuwa napanga jinsi ya kumkinga na Mjomba.

Katibu, Mama Clarisse, akauliza kama anavyowauliza wote, wenye wazima na wenye wafu: "Nia ya bazima ao ya bafu?"

Nikasema msafiri. Luc, msafiri, kama siku zote.

Mama akaweka mkono juu ya wangu pale mezani. Akasema polepole, bila kunitazama:

"Rosine, mimi nilijua tangu Pasaka. Nilikuwa naona vile unasema msafiri, nikasema huyu mutoto hajafika bado, nimungojee. Kila Jumapili nakungojea. Sasa nimechoka, mama. Nataka batu bakuje, bakae na mimi, nilie mutoto wangu."

Kumbe ni mimi! Miezi yote hii nikidhani namlinda yeye.

Nikafungua mdomo. Neno "marehemu" nalijua, nimelisikia kila Jumapili tangu utoto. Halikutoka. Mama Clarisse ameinua kalamu, anangoja. Nikatoka nje.

Naandika hapa kwenye ngazi za mawe. Ofisi inafunga saa sita. Mlango uko wazi, nawaona. Watu wa nyuma wananung'unika, Mama Clarisse anawaambia wavumilie. Mama yangu angeweza kulisema mwenyewe, jina na neno, tungekwenda nyumbani. Hasemi. Amesimama mbele ya meza na sakoshi yake, kando yake ameniachia nafasi.