Tarehe za Barua za Bibi Yako

Mjukuu wangu Keza,

Hapa Kagugu hatujambo; goti la bibi yako limepona. Umeuliza kwa nini anayetumbukia kwenye shimo jeusi la angani tunamwona amesimama, ilhali saa yake inakwenda kawaida.

Mwaka wa 1991, wakati wa vita, kila barua ya mchumba wangu kutoka Bujumbura ilichelewa kuliko iliyotangulia. Nikidhani ananisahau, nikaandika ya kuvunja uchumba. Jirani yangu, mwalimu wa fizikia, akazisoma zote, akacheka: "Mwandishi wa habari mzima, huangalii tarehe? Binti iko anaandika kila Jumapili."

Mwanga wa karibu na ukingo wa shimo nao hutumwa vilevile. Kutufikia ndiko kunakochelewa, kila mara zaidi, ndiyo maana tunamwona kama amesimama. Niliichana barua yangu.

Tofauti ni moja: anayevuka ukingo ule harudi. Bibi yako alirudi, na anakusalimu.

Babu