Kikapu cha Mama Mkwe

Mjukuu wangu Kerubo,

Huku Gesima tuko salama. Mvua imenyesha vizuri na ng'ombe amezaa ndama jike. Babu yako anakusalimu.

Umeuliza kwa nini nimemkataa mchumaji chai uliyenitafutia, ilhali daktari amesema nina presha. Nilipoolewa hapa, nilimpokea mama mkwe kikapu cha majani chai. Kwetu, mama akishapata mkamwana hukaa akaletewa kila kitu. Akakaa. Baada ya miaka michache akawa anahema akipanda kilima kwenda kanisani, na kliniki wakamwambia ana sukari. Walimpa dawa, wakamsihi atembee.

Asubuhi moja akachukua kikapu chake. Nililia, maana majirani wangesema ninamtesa. Na kweli walisema, pale kituo cha kuuzia majani. Akawajibu, "Mkamwana wangu hana makosa. Kinachoniua ni kiti."

Aliendelea na dawa na kikapu, na kwenye harusi ya baba yako alicheza hadi wapishi wakaacha sufuria wamtazame.

Dawa zangu ninameza. Huyo mchumaji mlete, lakini tutagawana mistari ya chai, sitakaa kitini. Nami nataka kucheza kwenye harusi yako.

Nyanya yako,
Moraa