Aliyekaa Mlangoni kwa Kaka

Chumba cha juu ya duka la viatu,
Jumatano, tarehe nane.

Mpendwa Shangazi Redio,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Goti linasemaje? Na ile baridi uliyoilalamikia ukurasa mzima, imepungua? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo tu, na mimi simu za watu nazitengeneza kama kawaida, leo nimebadilisha vioo viwili kabla ya chai.

Shangazi, naomba nafasi ya kusoma saikolojia, shahada ya pili. Usicheke. Vitabu vyote vya maktaba nimevimaliza mwenyewe, hadi mkutubi ananiita Daktari kwa kejeli. Sasa chuo kinataka insha ya maisha yangu, kurasa mbili: nimetoka wapi, na kwa nini naitaka kazi hii. Mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi.

Nikaandika habari za kaka. Ule mwaka aliojifungia chumbani, hasemi na mtu. Nikaeleza nilivyokaa sakafuni nje ya mlango wake kila jioni, nampitishia mafumbo ya gazetini kwa chini, hadi siku moja karatasi ikarudi imejazwa. Mwalimu wangu wa zamani aliisoma akavua miwani. Akasema hapo ndipo chuo kitanichukua.

Jana nikampa kaka aisome, maana ni habari yake. Akasoma polepole, akacheka alipofika kwenye mafumbo. Kisha akasema, "Nzuri. Ila aliyekaa pale ni Shangazi. Wewe ulikuwa unapita na mpira, unauliza kama nimeshakufa."

Nikabisha sana. Hata ubaridi wa ile sakafu naukumbuka. Mama, bila kuinua macho kwenye vitunguu, akasema kaka yuko sahihi. Naona nilikusikia ukisimulia mara nyingi, si bure tulikuita Redio, mpaka nikajiingiza mle, nikakaa mahali pako. Sikudanganya, Shangazi, naapa.

Kaka alivyoniona nimenyong'onyea akanihurumia. Akasema niipeleke hivyo hivyo, yeye hana neno, na wewe huko mbali utajulia wapi.

Tangu jana situlii. Nikikutoa wewe kwenye insha, zinabaki simu na vioo. Nikiandika ukweli, nabaki mtoto aliyeuliza kama kaka yake amekufa, kisha akakimbilia uwanjani. Yule mtoto alikuwa anaogopa mno. Hilo nina uhakika nalo, au nadhani nina uhakika.

Wasalimie mapacha, na yule jirani yako wa kuimba bafuni. Mama anakukumbuka kila Jumapili. Kaka naye anakusalimu, siku hizi ni seremala, anaongea hadi wateja wanaaga mara tatu. Mungu akutunze na akuzidishie marafiki wema.

Nimeandika insha zote mbili, ile ya mlangoni na ile ya mpira, ziko hapa mezani. Ungekuwa wewe, Shangazi, ungepeleka ipi?

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kuliko anavyojua kuandika,
Fundi Simu