Kipande cha Mbele cha Sondes

Jumatatu, 3 Juni

Nimetandika mezani satini ya gauni la harusi la Sondes, nimeipiga pasi upande wa ndani, nimenoa mkasi. Nikafungua kabati nitoe karatasi zake za kukatia, zilizochorwa vipimo vyake. Tupu! Si zake tu – za wateja wote. Miaka kumi na tisa ya karatasi za kaki!

Mume wangu Mongi yuko uani, anatafuna mbegu za alizeti. Nikamuuliza, karatasi zangu ziko wapi? Akatema ganda. Eti yale makaratasi ya mistari-mistari? Kampelekea Hmida muuza mbegu afungie mbegu zake, naye kampa kilo mbili.

Kilo mbili! Na anatafuna mbele yangu. Kinyaa kimenijaa mpaka kooni.

Jumanne, 4 Juni

Nimemvizia Hmida kabla hajafungua. Nusu keshazikatakata. “Karatasi nzuri hiyo, bibie, haipitishi chumvi.” Mpumbavu! Nimerudi na furushi, linanuka chumvi na jasho lake.

Nimezitandaza, nikazisoma moja moja. Sketi ya Sondes ipo. Mgongo upo, mikono ipo. Kipande cha mbele hakipo.

Kingekuwa cha mwingine, ningekichora upya na kulala. Mtu wa kawaida unamchorea nusu tu, unaandika “kata kwenye mkunjo”, kitambaa kikikunjuliwa pande mbili zinalingana. Sondes nilimchorea kifua kizima. Kulia nimefinya chini ya titi, gauni lishike umbo. Kushoto hakuna cha kufinya, mstari umenyooka tu, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: pedi ya kifuani, sentimita tatu. Tangu ile operesheni ya kuondolewa titi.

Tunaojua ni mimi na Nabil, mchumba wake. Mama yake Nabil hajui. Sondes aliniomba hapa hapa mbele ya kioo, kavaa sidiria tu: “Dada, atakayemwambia ni mimi mwenyewe, siku nikiwa tayari.” Harusi ni tarehe 22.

Na jina lake nimeliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa. La nini? Vipimo vilitosha! Najichukia.

Jumatano, 5 Juni

Nimeokota takataka. Mimi, fundi wa mabibi harusi, nimeinama mtaroni mbele ya mkahawa wa wanaume, nakunjua vikaratasi vya mbegu vilivyolowa mate! Mmoja akauliza kama Mongi haninunulii mbegu za kwangu. Wote wakaangua kicheko. Nimepata kiuno cha mke wa mwokaji na nusu ya kola. Nimenawa mikono mara nne. Bado inanuka.

Mongi anasema nakuza mambo, nani anaweza kusoma mistari ile? Nikamwambia, kila mwanamke wa mtaa huu aliyewahi kukalia cherehani. Akachukua mbegu nyingine. Siwezi hata kumtazama mdomo.

Alhamisi, 6 Juni

Sondes kaja kupimwa upya. Nimemwambia panya wametafuna karatasi. Panya! Akacheka, akainua mikono nimpime. Mwoga mkubwa mimi.

Nimechora. Nimeongeza nafasi ya mshono, sentimita moja na nusu kila upande. Nimetia alama za kuunganishia na mshale wa kufuata nyuzi za kitambaa. Safari hii sikuandika jina. Sijakata.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika jikoni, kahawa bado haijachemka.

Bi Dalenda yuko chumba cha kushonea. Mama yake Nabil! Kaja bila taarifa, eti aione satini kabla haijakatwa. Akaishika, akaisifu. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi ya kaki, akailaza juu ya satini. Doa la mafuta ya mbegu za Hmida katikati. Wino mwekundu, jina la Sondes juu. Na ameinyoosha kwa pasi!

Huyu mama kashona kiwandani miaka ishirini. Hahitaji kusomewa. Kapitisha kidole upande wa kulia, akakipitisha kushoto, taratibu, mpaka kwenye pedi. Akaniuliza neno moja tu: “Mwanangu anajua?”

Nikasema kahawa inaungua. Kahawa hata sijaiweka motoni wakati ule!

Nikisema anajua, nimemchongea Nabil kwa mama yake. Nikisema hajui, nimemfanya Sondes tapeli. Na yote haya kwa kilo mbili za mbegu, ptuu!

Hodi mlangoni. Ni Sondes – mimi mwenyewe nilimwambia aje saa nne. Bi Dalenda ananiambia nisihangaike, atafungua yeye. Nasikia viatu vyake vinakwenda. Karatasi sijui kaiacha mezani au anayo mkononi